"Sistimu Imekataa" Ni Uongo wa Mtu Mzima

Nimechoka na hii "sistimu imekataa." Kila dirisha la ofisi ni wimbo huo huo, mpaka siku moja ukaimbiwa mimi.

Kisa changu ni kifupi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Basari ikatoka, jina langu limo, pesa hazikufika. Kwenye kitambulisho jina langu ni neno moja, Mwanakombo. Kwenye orodha mtu kaandika Mwana Kombo. Nafasi moja tu hapo katikati! Kompyuta ya upande wa pili ikaona watu wawili. Nilikwenda ofisi fulani mara nne, jibu lile lile: "Sistimu imekataa, dadangu." Mitihani ikapita, mimi nikabaki Diani na simu yangu. Ndiyo maana leo mwanisoma hapa.

Ukisikia hivyo wadhani kompyuta imeamka vibaya, ikaamua kuwakomoa watu. Wapi! Ofisi mbili zina sistimu mbili, na kila sistimu ina fomu yake. Hii ina sanduku moja la majina kamili, kama kitambulisho cha zamani. Ile yataka jina la ukoo kando na majina mengine kando, kama pasipoti. Ili ziongee, katikati huwekwa programu ya mkalimani. Inapokea ujumbe, inaukagua, inahamisha kila kitu kutoka sanduku hili hadi lile, kisha inaupeleka mbele. Lakini kanuni za kuhamisha zimeandikwa na mtu. Mtu mwenye mshahara na kiti cha kuzunguka.

Sasa mtu huyo akidhani jina la mwisho la kila Mkenya ni la ukoo, sisi huku tumekwisha. Kwetu wengi wetu tuna jina letu, la baba, halafu la babu. Ukoo uko wapi hapo? Na kina Mwang'ombe ndio usiseme. Hiyo alama ya ng', kwenye databesi nyingi, ndiyo alama ya kufunga maneno. Programu iliyoandikwa kizembe ikifika hapo yadhani jina limekwisha.

Haya, makosa hutokea. Mimi sigombani na kosa. Nauliza: ujumbe ukikwama, unakwenda wapi?

Mpe makanga wa Ukunda mzigo wa kupeleka Mombasa. Wavuka Likoni, wafika, mwenyewe haonekani. Makanga atautupa baharini? Hatautupa. Ataurudisha steji na atakupigia simu: "Mzigo wako huu, nifanyeje?" Makanga huyo hajasomea kompyuta.

Na wenye kusomea hawana kisingizio. Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walitoa kitabu kizima kuhusu sistimu kutumiana ujumbe. Walieleza kwamba ujumbe usiosomeka, au usioweza kufikishwa, uwekwe mahali pake maalumu, usipotee. Zaidi ya miaka 20 iliyopita! Mahali hapo panajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kupafungua kila asubuhi, asome majina, apige simu.

Najua kuna watakaosema, "Si ungeandika jina lako vizuri?" Niliandika vizuri, bana. Na hata ningekosea, kuna watu ambao hawakuwa na sanduku kabisa. Wamakonde wa hapa hapa Kwale walizaliwa hapa, wakazeeka hapa, na hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wakafuata 2023. Jiulize: sanduku moja kwenye fomu, na watu wazima wanatembea kwa miguu kulidai. Hapo napo tuseme ni sistimu iliyokataa?

Kila mwaka wanaunganisha zaidi: kitambulisho, kodi, afya, karo. Sipingi. Kupanga foleni juani si utamaduni wetu. Lakini mkiunganisha sistimu bila mtu wa kujibu, kosa moja dogo linasafiri nazo zote. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha Huduma Namba kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa data za watu. Kwa hivyo msituambie haiwezekani kuulizwa.

Na wewe usiondoke dirishani kimya kama mimi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 26, yakupa haki ya kuiona data yako na kutaka irekebishwe ikiwa si sahihi. Ukiambiwa "sistimu imekataa," uliza maswali matatu: Imekataa sanduku gani? Ujumbe wangu uko wapi sasa hivi? Nani kazi yake kuushughulikia? Yaandike majibu, na jina la aliyekujibu.

Akikosa jibu la swali la tatu, basi hapo umeshajua nani amekataa.