Duka Halina Dirisha la Wazee

Sisi wazee wa Mazimbu hatusemi kwamba tunadharauliwa. Tunaheshimiwa sana. Ukifika kwenye matibabu utapokewa kwa "shikamoo babu, shikamoo bibi", utapishwa foleni, utakaa benchi lako chini ya kibao cha "Mpishe mzee". Daktari humlipi hata senti. Unachukua karatasi yako mpaka dirisha la dawa, na heshima inaishia hapo: "Bibi, panado ipo. Ya presha na ya sukari zimeisha, kajaribu hapo nje."

Hapo nje ni duka la dawa. Duka halina dirisha la wazee.

Tangu mwaka 2003 Sera ya Taifa ya Wazee inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Vizuri. Lakini presha na sukari si homa ya siku tatu. Unameza leo, unameza kesho, unameza mpaka unazikwa. Kumwona daktari bure halafu dawa ununue, sasa umesamehewa nini?

Mwenzetu mmoja anakata kidonge cha presha kwa wembe, juu ya kisahani cha chai. Nusu leo, nusu kesho, na ule unga unaobaki anaulamba. Siku ya kliniki akipimwa presha iko juu, anagombezwa: mzee, hufuati dozi!

Halafu hilo neno "asiye na uwezo". Ili uandikiwe msamaha unakwenda ofisi ya mtaa na picha za pasipoti, ambazo mpiga picha wake hajasikia habari za msamaha, unaanza kuhojiwa. Nyumba ya bati? Una mtoto Dar? Mtoto yupo, anaendesha bodaboda ya mtu, na jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Haidhuru, umeshaonekana una uwezo.

Na pensheni ya kununulia dawa tuitoe wapi? Wapo kati yetu waliobeba zege hapa hapa, wakati ANC ya Afrika Kusini inajenga chuo chake cha Solomon Mahlangu kwenye lililokuwa shamba la mkonge, pamoja na hospitali iliyofunguliwa 1984. Mwaka 1992 wenyewe wakaikabidhi serikali yetu majengo, wakarudi kwao. Kibarua hakatwi mchango wa mfuko wowote, basi uzeeni hana cha kudai. Wenzetu wa Zanzibar, tangu 2016, aliyetimiza miaka 70 analipwa pensheni bila kuulizwa alimfanyia nani kazi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini mwenye hizo hakati kidonge kwa wembe. Sisi wa Bara tunazisikia redioni.

Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023. Tumeelezwa kwamba asiye na uwezo atalipiwa na serikali. Neno ni lile lile, kwa hiyo tumeshaanza kuulizana nani anapiga picha za pasipoti kwa bei nafuu.