Moyo ukisimama, mikono yako ndiyo mashine ya kwanza

Mtu akifariki ghafla, neno la kwanza kusikika msibani ni kwamba hospitali haina mashine. Lawama hiyo ina ukweli. Zipo mashine za kushtua moyo kwa umeme, za kusaidia kupumua, na hata zinazofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Lakini Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, takribani kilomita 900 kutoka Tunduma. Hata Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni kama kilomita 100, kwa barabara yenye malori mengi.

Moyo uliosimama hausubiri. Kila dakika bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Juni 12, 2021. Aliokolewa kwa mashine ya kushtua moyo, lakini kabla yake kifua kilikwishaanza kubonyezwa palepale kwenye nyasi.

Kwa hiyo, mtu akianguka, haitiki na hapumui, au anatweta mara mojamoja, usimmwagie maji wala usimkalishe. Mlaze chali mahali pagumu. Tuma mtu atafute usafiri. Weka kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine apokee.

Mzazi, moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa: amezama majini au amekabwa na chakula. Kwake pumzi ni muhimu mno. Kila baada ya kubonyeza mara 30, mpulizie mara 2. Kichanga hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake.

Tunduma ni lango la Zambia, na watu hawakauki mpakani, stendi na sokoni. Mashine ndogo za kushtua moyo, zinazomwelekeza mtumiaji kwa sauti, zinastahili kuwekwa huko. Walimu, bodaboda na makondakta wafundishwe. Nawe usingoje: ukienda kituo cha afya wiki hii, muombe mhudumu akuelekeze namna ya kubonyeza kifua. Atakayekuhitaji huenda ni wa nyumbani kwako.