Kazi ya Mwambao ni Nzuri, Lakini Novemba Nani Atapanda Pamba Yako?

Leo naweka pembeni mambo ya viuatilifu. Tangu mwaka huu uanze wamenifuata vijana wanne wa hapa Migato, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wana swali moja. Wameitwa kazini mwambao wa kusini. Mmoja anatakiwa kusimamia shamba la ufuta Kilwa, wawili kupulizia mikorosho upande wa Lindi, na wa nne kashikiwa nafasi ya ukarani kwenye ghala. Hawa si vijana wa kijiweni. Ni watu wenye ekari zao tano, kumi, wana maksai na bomba la mgongoni, na pamba na dengu wanauza kwa hesabu. Kila mmoja ananiuliza, "Bwana shamba, niende au nisiende?"

Mimi nasema nendeni. Najua kuna wazee watanuna wakisoma hivi, maana kwao kijana akiondoka ni jembe limeondoka. Lakini wawili kati ya hao wanne walikuwa wameshaanza kutafuta mtu wa kununua shamba na maksai, wapate nauli na pesa ya kuanzia maisha. Hapo ndipo tunapogombana mimi na wao, na ndiyo sababu naandika.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Kilwa. Nimezaliwa Maswa, bahari nilikuwa naijua kwenye picha, nikapangiwa kijiji ambacho jioni unasikia mawimbi na adhana basi. Nilikaa miaka mitatu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Tuanze na huo utulivu, kwa sababu ndio kila mtu anaupigia debe. Ni kweli, kule ni kimya. Hakuna mnada wa ng'ombe wa kukuziba masikio, hakuna vumbi la kiangazi kama letu, upepo unatoka baharini, samaki wapo, nazi zipo. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo ya kusimama, kijiji kizima kitajua kabla hujafika nyumbani. Michembe utaiota usiku, mihogo utaizoea. Maji ya visima vingine vya karibu na bahari yana chumvi, chai yake inahitaji moyo. Hayo yote mtu anazoea ndani ya miezi miwili.

Usichokizoea haraka ni kwamba utulivu wa kule una kalenda yake. Pesa inaingia kwa vipindi viwili. Ufuta unavunwa kuanzia mwezi wa tano, minada inafuata, kijiji kinachangamka, pikipiki mpya zinaonekana. Kisha inakuja korosho, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na hapo ndipo harusi zinafungwa na mabati yanapandishwa. Nje ya vipindi hivyo, duka linauza kwa daftari la madeni. Ukiajiriwa kwa mwezi na mwajiri ana roho nzuri, huoni tatizo. Ukiwa kibarua wa msimu, kuna miezi utakaa barazani ukihesabu nazi za watu.

Sasa chukua hiyo kalenda uiweke juu ya kalenda yetu. Mikorosho inaanza kupuliziwa salfa mwishoni mwa mwezi wa tano au wa sita, dhidi ya ubwiriunga, na kazi inaendelea kwa raundi mpaka wa nane. Huku kwetu hiyo ndiyo miezi ya kuchuma pamba na kuipeleka AMCOS, na dengu za kwenye mbuga ziko njiani kung'olewa. Korosho inaokotwa Oktoba, Novemba, Desemba. Sisi pamba tunapanda kuanzia katikati ya Novemba, na ukipita katikati ya Desemba unacheza kamari na mvua. Ufuta wa kule unapandwa Januari na Februari, wakati pamba yako inataka palizi na kukaguliwa wadudu. Yaani kila mwezi ambao mwajiri wa mwambao anakuhitaji sana, ndio mwezi ambao shamba lako la Migato linakuhitaji sana. Hazipishani. Zinagongana uso kwa uso.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba utafanya kazi kule na kulima huku kwa simu. Kilimo cha simu tumekiona. Unatuma pesa ya palizi, unaambiwa palizi tayari, unatuma ya dawa, unaambiwa imepuliziwa, halafu mwezi wa sita unaletewa gunia mbili na pole nyingi. Anayelima kwako bila wewe lazima awe na chake ndani ya shamba hilo. Nitalirudia hili chini.

Jingine ambalo wengi hawalijui. Kuna kijana aliniambia akifika Lindi atatafuta ardhi, maana kule mapori bado yapo, alime pamba kwa kuwa ndiyo anayoijua. Hapana. Mikoa ya kusini imewekewa karantini ya pamba kwa miaka mingi, kwa sababu ya funza mwekundu aliyeko nchi jirani za kusini. Serikali iliamua kuacha eneo lisilo na pamba kabisa ili mdudu huyo asipate daraja la kupandia kuja Kanda ya Ziwa. Ukibeba mbegu za pamba kwenye begi ukazipanda Kilwa, unavunja sheria, na unamtengenezea njia mdudu anayeweza kuja kummaliza mama yako hapa Migato. Kilo kumi za mbegu tu. Acheni kabisa.

Na ng'ombe vilevile. Mwambao wa Lindi kwa muda mrefu haukuwa na ng'ombe wengi, na mbung'o walichangia. Mambo yakabadilika baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, wengi wakiwa ndugu zetu wa kutoka Usukumani, wakashuka na mifugo Rufiji, Kilwa na Lindi. Tangu hapo migogoro ya mkulima na mfugaji imekuwapo, na mahali pengine watu wameumizana. Wewe ukifika na lafudhi yako, swali la kwanza utakaloulizwa ni ng'ombe wako wako wapi. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nina barua ya uhamisho mkononi, na bado niliulizwa. Ukijibu kwamba umekuja kufanya kazi na ng'ombe wameishia Migato, nyuso zinalegea. Ukishusha maksai sita kwenye lori, hata kama nia yako ni kulimia tu, umeingia kwenye ugomvi uliokutangulia kwa miaka kumi na kitu, na mbung'o nao wanakusubiri porini.

Sasa kazi yenyewe. Watu wa huku mnapendwa kule, na sababu ni nzuri: mnajua kuamka mapema na mnajua bomba. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, maana kukikucha unga wote unaenda kwa jirani. Lakini salfa ni ya kuheshimu. Inawasha macho, inabana kifua. Mwajiri asiyekupa miwani, barakoa na buti anakuokoteza tu, na usimtetee kwa kusema ndivyo walivyozoea.

Mkataba je? Hapa ndipo naona vijana wanachezewa. Mwaka wangu wa pili kule, kijana mmoja wa kutoka Meatu alinijia kijiweni akiwa na ndoo, blanketi na simu isiyo na salio. Alikuwa amepulizia mikorosho ya bwana mmoja miezi mitatu kwa ahadi ya mdomo. Kazi ilipoisha akaambiwa asubiri korosho iuzwe. Akasubiri. Korosho ikauzwa, bwana akabadilisha namba ya simu. Tulimchangia nauli mimi na mwalimu wa shule ya msingi. Siku mbili za basi kutoka Nangurukuru hadi Bariadi, anarudi na ndoo ile ile.

Yule kijana alikuwa na haki na hakuijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi: kazi gani, mshahara kiasi gani, unalipwa lini. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni malipo ya ziada. Na kuna kifungu cha 43 ambacho mtu wa kutoka mbali anapaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Mwajiri aliyekuchukua sehemu nyingine, ajira ikikoma, anatakiwa akurudishe wewe na mizigo yako mahali alipokuajiri, au akulipe gharama ya kurudi. Ndiyo maana nasisitiza mkataba uandikwe kwamba umeajiriwa ukiwa Migato, Simiyu. Neno moja hilo, Migato, lina nauli ndani yake. Ukisubiri kusaini ukiwa umeshafika Kilwa, atakuandika mkazi wa Kilwa na nauli imekufa. Ukidhulumiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30, madai mengine siku 60. Usikae barazani miezi mitano ukimngoja Mungu amguse bwana.

Na hata mwajiri mwema anaweza kukwama. Mwaka 2018 wanunuzi walileta bei ambayo wakulima wa korosho waliikataa, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Bei ilikuwa nzuri, ila uhakiki ulichukua muda na wakulima wengi walilipwa kwa kuchelewa. Mwenye shamba akichelewa kulipwa, kibarua wake anachelewa zaidi. Mwezi wa tano mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Weka nauli ya kurudi kwenye simu, mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi.

Mbona basi nasema nendeni? Kwa sababu kuna elimu kule ambayo mimi siwezi kukufundisha nikiwa nimekaa Migato. Wenzetu wa kusini wanauza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007. Wamegombana nayo, wameilalamikia, wameizoea. Mkulima wa kule wa darasa la saba anajua makato yake yote kwa kichwa, anajua kusimama kwenye mnada na kukataa bei, anajua kudai risiti ya ghala na kuangalia unyevu unavyopimwa. Kangomba, yule mnunuzi wa chochoroni anayechukua korosho kwa kipimo chake mwenyewe kabla ya msimu, wanamfahamu kwa harufu. Sisi dengu na choroko zetu zimeingizwa kwenye mfumo huohuo juzi tu, na tunaingia kama vipofu. Huyu kijana wa ukarani wa ghala, akikaa misimu miwili akarudi, ana thamani kwenye AMCOS zetu kuliko semina kumi za posho. Msimamizi wa ufuta naye atapita karibu na watafiti wa TARI Naliendele, ataona mbegu kama Lindi 02 na Ziada 94 zikiwa shambani, atajua kukata na kusimamisha matita ya ufuta kabla vikonyo havijapasuka. Ufuta unakubali hata huku. Tunapoteza mwingi kwenye kuvuna kwa sababu hatujaona wanaojua.

Ndiyo maana shamba lisiuzwe. Elimu hiyo utaileta wapi kama ekari zako zimeshakuwa za mtu mwingine? Vijana wananiambia, "Bwana shamba, nikirudi nitanunua jingine." Kwa bei ya mwaka gani? Angalieni ardhi ya kando ya barabara ya Bariadi imeendaje miaka hii, kisha mniambie.

Ninachoshauri ni hiki. Shamba likodishe kwa msimu, karatasi iandikwe ofisi ya kijiji, mashahidi wawepo, na iandikwe pia nani atang'oa na kuchoma miti ya pamba kabla ya tarehe 15 Septemba, maana hilo watu wanalisahau na wadudu wanabaki. Kama ni mdogo wako anayebaki, msimlipe kibarua. Gawaneni mavuno, nusu kwa nusu au mnavyopatana, ili palizi ikikosa aumie na yeye. Maksai wakabidhi kwa ndugu mwenye malisho: alimie, atunze, na kwako alime kwanza mvua ikianza. Wazee wetu walikuwa na utaratibu huo kabla mimi sijazaliwa. Mwenye mke, jambo hili limkalishe chini naye kabla halijafika kwangu. Asilimia kubwa ya mashamba niliyoyaona yakisimama wakati mume yuko mbali yalisimama kwa sababu jina la mke lilikuwa kwenye makubaliano, si kwa sababu mume alikuwa anapiga simu.

Wale wawili wa kupulizia wanaondoka mwishoni mwa mwezi wa tano. Mmoja ameshafuta mpango wa kuuza, mwingine bado anabishana na mimi, na haki yake. Msimu wa salfa haungoji. Wengine mlioitwa, leteni karatasi ya mkataba ofisini kabla ya kuweka saini, tuisome pamoja. Jumatatu na Alhamisi asubuhi nipo. Kama hawajawapa karatasi yoyote, leteni namba ya simu ya huyo mwajiri, tumpigie mkiwa mmekaa hapo.