Je, Senema Isiyo na Hadithi Yafaa Kuonyeshwa Shuleni?

Mhariri amenipa nafasi nitoe maoni yangu katika gazeti letu, nami namshukuru. Ameniomba nisimtaje mtu kwa jina, na sitamtaja. Lakini wote tuliokuwa bwaloni Jumamosi ile ya muhula uliopita twaijua habari yenyewe, na kwa ajili ya wazazi ambao hawakuwapo, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza waliofika mwaka huu, yanipasa kuieleza tangu mwanzo.

Mwalimu mlezi wa Chama cha Senema alituletea picha mbili za kigeni. Ya kwanza ilikuwa fupi mno, hata ikaisha kabla wengine hawajapata mahali pa kukaa. Ya pili ilikuwa ya dakika 45, na katika dakika hizo zote hatukuona ila chumba kimoja. Kamera imewekwa upande huu wa chumba, nayo yausogelea ukuta wa upande wa pili, wenye madirisha marefu, polepole sana, kama kivuli cha mti kinavyohama mchana. Sauti yake ni mvumo mmoja unaopanda kidogo kidogo, mwanzo kama mashine ya kusaga iliyo mbali, mwisho kama filimbi inayotoboa sikio. Watu wachache waingia na kutoka. Wengine walete kabati, wengine wasikilize redio, kisha waende zao.

Basi watu wakaanza kukohoa, ile kohoa yetu ya makusudi. Baada ya muda ikaja miluzi. Halafu katika picha mtu mmoja akaingia akaanguka sakafuni, nasi tukanyamaza, maana tulidhani sasa mambo yameanza na polisi watakuja. Kamera haikugeuka hata kumtazama. Ilimpita tu, ikaendelea na safari yake ya ukutani. Hapo bwalo zima lililipuka. Sahani ziligongwa, mabenchi yakaburutwa, mwalimu wa zamu akaja mbio akawasha taa, na onyesho likafungwa.

Wiki iliyofuata kamati ya chama ilipitisha azimio kwamba picha zote zichaguliwe kwa kura za wanafunzi, na kwamba picha “zisizoeleweka” zisiletwe tena. Azimio hilo litafika mbele ya Baraza la Shule kabla ya muhula kwisha. Mimi naandika kulipinga. Na ili mtu asije kunisema baadaye, naungama mapema kwamba sahani yangu nami niliigonga, tena kwa kijiko.

Siku mbili baadaye nilimwendea mwalimu mlezi nikamwuliza, kwa heshima lakini kwa hasira kidogo, kwa nini ametupotezea Jumamosi. Hakukasirika. Alinieleza kuwa picha ile yaitwa Wavelength, imetengenezwa na Michael Snow, mtu wa Kanada, na kwamba ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Knokke. Nilikuwa sijapata kulisikia jina la Knokke. Alinipa karatasi za kusoma, na kwa kweli nilizisoma wakati wa prepo nilipotakiwa kusoma Kemia.

Knokke ni mji mdogo wa pwani huko Ubelgiji, mahali pa matajiri kwenda kuoga baharini wakati wa joto. Mwaka 1949 Hifadhi ya Kifalme ya Filamu ya nchi hiyo ilifanya mashindano ya senema za majaribio, yaani picha za watu wanaojaribu njia ambazo wenye kumbi za biashara hawazitaki. Aliyeyasimamia miaka yote aliitwa Jacques Ledoux. Mara ya pili yalifanyika Brussels mwaka 1958, kisha yakarudi Knokke miaka ya 1963, 1967 na 1974, na tangu hapo hayakufanyika tena. Mara tano tu kwa miaka 25! Hizo tatu za mwisho yalifanyika siku za Krismasi na mwaka mpya, katika kasino ya ufukweni, wakati wa baridi, wageni wa kiangazi wakiwa wameondoka. Watu walitoka Marekani, Ujerumani, Japani na kwingineko wakajifungia humo siku nzima wakitazama picha ambazo labda wasingeziona mahali pengine popote.

Wala msidhani walikuwa wakikaa kimya kama kanisani. Walizomea, waligombana. Mwaka 1963 picha moja ya Kimarekani ilikataliwa isionyeshwe kwa sababu ya sheria za nchi juu ya adabu, na waliotaka ionyeshwe wakaivamia mashine, hata Waziri wa Sheria akafika kutuliza ghasia. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka Berlin walifanya maandamano mumo humo ukumbini. Kwa hiyo sisi wagonga sahani tunao ndugu zetu. Lakini kuna tofauti moja kubwa: wale, baada ya kuzomea, picha iliyofuata ilionyeshwa. Hawakupitisha azimio la kufunga mlango.

Sasa nije kwenye hoja za wenzangu, maana nimewasikiliza bwenini usiku mwingi.

Wapo wasemao kwamba picha isiyo na hadithi si picha. Mama yangu husuka vikapu. Hupaka milala rangi nyekundu na nyeusi, akaizungusha ikatoka mistari na pembe na macho ya kila namna, na wanunuzi hukishika kikapu wakakigeuza na kukisifu. Sijapata kumsikia mtu akimwuliza ule mstari mwekundu unasimulia hadithi ya nani. Ngoma nayo ikilia, twacheza. Hatungoji tuambiwe mwisho wake nani alimwoa nani. Mbona basi senema peke yake ndiyo ilazimike kuwa na shujaa, na adui, na bunduki?

Wengine, nao ni wengi zaidi, wasema kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Hoja hii yanigusa, wala siipuuzi. Ile picha fupi ya kwanza, ambayo nusu yetu hatukuiona kwa sababu ya kugombea viti, yaitwa Free Radicals. Mtengenezaji wake ni Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, na ilipata tuzo ya pili katika mashindano ya mwaka 1958 mjini Brussels. Hakutumia kamera. Alichukua filamu nyeusi akaikwaruza kwa vitu vyenye ncha, picha moja baada ya nyingine, na ilipopitishwa katika mashine ile mikwaruzo ikawa mistari myeupe inayoruka na kujipinda gizani. Na inachezea nini? Ngoma ya Wabagirmi, watu wa nchi ya Chad. Jina la kabila limeandikwa mwanzoni mwa picha. Majina ya wapigaji hayakuandikwa.

Mashindano yale ya 1958 yalikuwa sehemu ya Maonyesho Makubwa ya Dunia yaliyofanyika Brussels mwaka huo. Katika maonyesho hayo hayo Wabelgiji, waliokuwa bado wanaitawala Kongo, walijenga kijiji cha vibanda, wakawaweka Wakongo ndani yake wafanye kazi za mikono huku wageni wakiwatazama juu ya uzio wa mianzi. Wageni wengine waliwatupia ndizi. Wale Wakongo walichoshwa na dharau hiyo, wakaondoka kurudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Kwa hiyo katika mji mmoja na mwaka mmoja ngoma ya Kiafrika ilipewa tuzo ukumbini, na watu wa Afrika wakatupiwa ndizi uwanjani. Nilipoisoma habari hii sikuweza kuendelea na kitu kingine jioni ile.

Je, hiyo ni sababu ya kuzikataa picha hizo? Mimi naona kinyume chake. Kama ngoma yetu imo ndani, basi nasi tuna haki ya kuketi tukaitazama, tukasema lililo zuri na lililo baya, na tukauliza wapigaji walikuwa akina nani. Tukitoka nje kwa miluzi, nani atauliza? Tena hao wanaosema mambo ya Wazungu ndio wa kwanza kupigia kura picha za magari yanayolipuka, na hizo sikusikia kama zatengenezwa Dodoma. Sisi Watanzania hatukuanza leo kutazama picha za mataifa; tamasha la Zanzibar lipo tangu 1998, na Ngome Kongwe imepokea picha za nchi nyingi.

Hoja ya tatu ni mtihani. Wasema kidato cha nne hatuna wakati wa kuchezea. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama azimio lingefuta Jumamosi ya senema yote. Halifuti. Linabadilisha picha tu, na picha za kura hazikosi kuwa za saa mbili.

Lakini kuna jambo moja ambalo wenzangu wako sawa, na mwalimu mlezi anisamehe. Kule Knokke kila aliyekuwamo alikwenda kwa hiari yake. Sisi tuliingizwa bwaloni kwa kengele, tukahesabiwa, mlango ukafungwa, na hakuna aliyetuambia tunatazama nini. Mtu aliyelazimishwa hata pilau humshinda. Laiti tungeelezwa kwa dakika tano tu, na asiyetaka akaruhusiwa kubaki bwenini na kitabu chake, nadhani sahani zingebaki jikoni.

Mimi niliirudia Wavelength, peke yangu, ofisini kwa mwalimu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nasema kweli kwamba inachosha. Yapo mahali nilipoitazama saa ya ukutani kuliko picha. Hata hivyo, nusu ya mwisho nilianza kuona karatasi ndogo iliyobandikwa kati ya madirisha, ambayo tangu mwanzo ilikuwapo na sikuijali. Kamera ilikuwa ikienda huko muda wote. Chumba kikapungua, madirisha yakatoka nje ya picha, yule maiti akasahauliwa, ikabaki ile karatasi peke yake, nayo ni picha ya mawimbi ya bahari, na mawimbi yakajaa kioo chote. Mimi ni mtoto wa Singida. Bahari sijapata kuiona kwa macho yangu. Nilikaa pale nikiwaza kwamba wenzangu 300 waligeuzwa njiani, nami nikiwa mmoja wa waliowageuza.

Liko na hili. Mwaka 1967 waandaaji wa Knokke walifanya tendo ambalo nadhani ni bora kuliko tuzo zote: waliwagawia watengenezaji filamu mbichi bure, wapate kujaribu. Mmoja wa waliopata alikuwa kijana wa New York asiyejulikana bado, Martin Scorsese, naye akatengeneza picha fupi ya mtu anayenyoa ndevu, ikapata tuzo huko. Leo jina lake lajulikana hata na wale wapigao kura za magari yanayolipuka.

Sisi filamu mbichi hatuna. Lakini katika stoo ya shule, nyuma ya majembe, yamo makopo matatu ya filamu za zamani za milimita 16, zimeharibika na zanuka siki, na mashine yake ilikufa kabla hatujazaliwa. Kwa ruhusa ya mwalimu wa stoo tulichukua kipande, mimi na wenzangu watatu, tukakikwaruza kwa pini za dira ya hesabu. Kila picha ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Sekunde moja yataka picha 24. Kwa Jumapili nne tulikwaruza picha 120, mwalimu mlezi akazipiga moja moja kwa simu yake na kuzipanga katika kompyuta, na jumla yake ni sekunde tano. Twaona mstari unaotetemeka, unakuwa duara, duara linapasuka. Kwa ngoma tulimpigisha mwenzetu mmoja debe la maji, na jina lake tumeliandika mwanzoni.

Naliomba Baraza la Shule, basi, lilikatae azimio la kamati, na badala yake litoe Jumamosi moja tu kwa kila muhula kwa picha za namna hii, kuingia iwe hiari, maelezo yatangulie, na baada ya picha iwepo nusu saa ya kusema ovyo na kusema vema. Jumamosi nyingine zote wapige kura wapendavyo.

Sekunde zetu tano zitaonyeshwa siku ya wazazi, darasani kwa kidato cha pili, baada ya chakula cha mchana. Atakaye kuzizomea na aje, ila afike mapema, maana akichelewa kidogo atakuta zimekwisha.