Vijana wakitaka kusimama barabarani, kanisa liwaambie nini?

Kila mara mauaji yanaporudi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, vijana wa parokia zetu wanatuletea swali lile lile: je, tunaweza kusimama kando ya barabara na mabango yetu, bila fujo, ili wakubwa wa nchi wasikie? Kanisani wanapata majibu mawili. Wazee wengine wanasema, "Kaeni nyumbani, siasa si yetu." Wengine wanasema, "Nendeni, Mungu atawalinda." Sisi tunaona majibu yote mawili yanamwacha kijana peke yake. Aliyekatazwa anaenda kwa siri, na aliyebarikiwa anaenda bila maandalizi. Nehemia aliomba, halafu akaweka walinzi ukutani usiku na mchana. Katika makanisa yetu mara nyingi tunaishia kwenye kuomba.

Hatari ni ya kweli. Julai 2022, wakati wa maandamano dhidi ya MONUSCO, watu wanne walikufa Uvira walipoangukiwa na waya wa umeme. Tarehe 30 Agosti 2023, Goma, wanajeshi waliwafyatulia risasi waumini wa dhehebu moja waliokuwa wakijiandaa kuandamana, na zaidi ya watu 50 wakauawa. Meya alikuwa amekwisha kukataza maandamano hayo. Lakini tunakumbuka pia wanafunzi wa Beni, Aprili 2021, walioketi siku nyingi mbele ya ofisi ya meya wakidai rais aje aone jinsi watu wanavyochinjwa. Polisi waliwatawanya. Juni mwaka huo rais alifika Beni. Hatusemi alikuja kwa ajili yao tu, ila dai lao lilikuwa moja, na kila mtu mjini alilijua.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2006 kinawataka wenye kuandaa maandamano wamwarifu kiongozi wa serikali kwa barua. Kuarifu si kuomba ruhusa. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa maana ofisi nyingi husoma barua ya taarifa kama ombi, kisha hujibu "hapana". Kwa hiyo barua iende mapema, iseme siku, saa, mahali na majina ya wahusika, na nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho mtaambiwa hamkuandika kitu.

Lakini tusiwafiche vijana jambo lingine. Tangu Mei 2021 majimbo haya mawili yamewekwa chini ya état de siège, na amri iliyoianzisha inawapa wakuu wa kijeshi uwezo wa kukataza mikutano. Raia pia walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Aprili 2022, vijana 12 wa LUCHA walihukumiwa Beni kifungo cha mwaka mmoja, baada ya kukamatwa katika maandamano ya amani. Kikundi kikipata katazo la maandishi, tunashauri kisiende siku hiyo. Kipeleke malalamiko kwa maandishi, kitafute mwanasheria, kipange siku nyingine. Wapo watakaotuita waoga. Sisi ndio tunaozika.

Kama siku imefika, simameni nje ya lami, magari na pikipiki zipite. Barabara ikifungwa, mama mwenye mgonjwa anageuka adui yenu, na polisi wanapata sababu. Msichome matairi, msishike jiwe wala fimbo, hata ya kushikia bango. Msisimame chini ya nyaya za umeme, wala mahali penye njia moja tu ya kutokea. Watoto wabaki nyumbani. Kila mtu awe na mwenzake wa kuondoka naye, na saa ya kumaliza ijulikane kabla ya kuanza, kwa sababu fujo nyingi huja jioni, wenye nia njema wakiwa wamekwisha kuchoka. Mgeni akianza kurusha mawe, kaeni chini au ondokeni pamoja. Msimpige.

Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, na kuipata nyingine ni kazi. Iwe mfukoni ndani, nakala ibaki nyumbani. Namba ya simu ya mchungaji au ya mwanasheria iandikwe kwa kalamu mkononi, kwa maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Chukueni maji. Moshi wa kutoa machozi ukiwafikia, msisugue macho. Nendeni upande ambako upepo unatoka, muyaoshe kwa maji safi.

Na kanisa lifanye nini? Parokia iache mlango wazi siku hiyo, na watu wawili wabaki na orodha ya waliokwenda. Wakirudi, wahesabiwe. Akikosekana mmoja, mchungaji na mama mmoja wa kanisa waende polisi kabla ya usiku kuingia, waulize kwa upole yuko wapi na anashtakiwa nini. Kifungu cha 18 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuongea mara moja na jamaa yake au mwanasheria wake, na polisi hawaruhusiwi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka mbele ya sheria. Wakiombwa pesa za kumtoa, waombe risiti. Na saa aliyokamatwa waiandike, kwa sababu zile saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo.