BWANA SHAMBA ANASEMA: Kifungo Ulichokiokota Shambani



Wakati wa kulima, jembe hufukua vitu vingi. Wengine huokota vifungo vyenye kutu ya kijani. Wengine huokota vyuma vyenye pete. Kisha huuliza: Je, hii ni mali? Leo tujifunze kuvitambua.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa katika nchi yetu kuanzia mwaka 1914. Waingereza na wenzao walipigana na Wajerumani mahali pengi, kama vile Tanga, Kondoa na Mahiwa. Askari walipita mashambani na porini. Waliacha vitu vingi nyuma yao.

KIFUNGO

Tazama nyuma ya kifungo. Vifungo vingi vya koti la askari havina matundu. Vina kitanzi kimoja nyuma. Kifungo chenye matundu manne huenda ni cha suruali, nacho kinaweza kuwa cha mtu yeyote.

Sasa tazama mbele. Ukiona simba na farasi mwenye pembe moja wameshika ngao, hiyo ni alama ya ufalme wa Uingereza. Mara nyingi nyuma yake pana jina la London au Birmingham, miji vilikotengenezwa. Vifungo vingi vya jeshi la Mjerumani vilikuwa vyeupe, na juu yake pana taji. Lakini Waingereza nao walitumia taji. Kwa hiyo usiamue kwa alama moja tu.

VYUMA VYA FARASI

Lijamu ni chuma cha kinywani mwa farasi. Kina pete mbili za kufungia hatamu. Kikuku ni chuma cha kukanyagia mguu anapopanda mtu. Bizimu ni chuma cha kufungia mkanda. Chuma cha kwato za farasi ni cha mviringo. Cha punda ni chembamba zaidi.

Lakini kumbuka, walowezi na wamisionari pia walikuwa na farasi na punda. Bizimu moja si ushahidi wa vita. Ukiona bizimu, vifungo na maganda ya risasi mahali pamoja, hapo una sababu ya kusema askari walipita.

FARASI WALIKWENDA WAPI?

Mwezi wa Aprili 1916 kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kilikwenda Kondoa. Kiliongozwa na Jenerali Van Deventer. Mvua ilikuwa kubwa na chakula kilikuwa haba. Farasi wengi walikufa. Katika vita vile farasi wengi waliuawa na magonjwa, hasa nagana. Wewe mfugaji unaijua nagana. Huletwa na mbung'o, na ng'ombe wetu huugua mpaka leo.

Basi ukikuta lijamu porini, usidhani imewekwa iwe alama ya hazina. Huenda farasi alifia hapo tu.

USIDANGANYWE

Wapo watu wanaopita vijijini na kusema, "Hapa pana mali ya Mjerumani." Hutaka fedha za mashine au za mganga. Watu wameuza ng'ombe na kubaki na mashimo. Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali.

HATARI

Palipo na vifungo vya askari, panaweza kuwa na mzinga au bomu ambalo halijalipuka. Kutu haiondoi baruti. Ukiona chuma kizito chenye umbo la chupa au yai, usikiguse. Usikigonge. Usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, na umwambie mwenyekiti wa kitongoji au polisi.

UFANYE NINI NA KIFUNGO?

1. Usikisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Alama zitafutika.
2. Andika siku, mahali na kina ulipokiokota. Wewe sasa unajua kuandika.
3. Kipeleke kwa ofisa mtendaji au mwalimu, ili Makumbusho ya Taifa wapewe habari.

Jambo la mwisho. Wapagazi wa vita ile walikuwa wengi kuliko askari. Walibeba chakula na risasi kichwani, na maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wengi wao hawakuwa na koti lenye vifungo, wala hawakuacha chuma ardhini. Kwa hiyo kifungo hakisemi habari yote. Waulize wazee yale waliyosimuliwa na babu zao, nawe uyaandike pamoja na habari za kifungo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini tutazame kifungo mbele na nyuma?
2. Mtoto akileta chuma kizito kutoka shambani, utafanya nini?
3. Nani katika kijiji chetu alisimuliwa habari za wapagazi?