MAFUNDI WAZEE WASIO NA SIKU YA KUSTAAFU



Mtumishi wa Serikali huijua siku yake ya kuacha kazi tangu siku ile anapoandikwa. Walio wengi miongoni mwetu, watimizapo miaka 55, waweza kustaafu kwa hiari. Watimizapo miaka 60 hawana hiari tena, bali yawapasa kukabidhi funguo na majalada, kupokea mkono wa kwaheri, na kwenda zao nyumbani. Tangu hapo pensheni huwafuata huko huko waliko. Twanung'unika kuwa haitoshi, na manung'uniko hayo ni ya haki, lakini ipo.

Sivyo ilivyo kwa mafundi wa mitambo tunaowaona kila siku hapa Matongo. Kata yetu imepakana na mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, na kuuzunguka mgodi huo wako wachimbaji wadogo na karasha zao za kuvunjia mawe, pampu za kuvuta maji mashimoni, mashine za kusaga, na pikipiki zisizohesabika. Vyote hivi huharibika, na vikiharibika hupelekwa chini ya mti, kwa mzee mwenye mvi, aliyevaa suruali iliyolowa oili, ambaye umri wake umepita miaka 70.

Twasema kwa kuwa tumeona. Injini ya dizeli ikikataa kuwaka, kijana hufungua kila parafujo. Mzee huomba izungushwe mara mbili, huinamisha kichwa akasikiliza, kisha asema, "Ringi zimekwisha," au, "Hapa dizeli imeingia maji." Mara nyingi huwa amesema kweli. Elimu hiyo hakuipata darasani. Aliipata kwa miaka 40 ya kuchubuka vidole. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza kuwa ukiona vyasaga, yuko aliyevitengeneza.

Wako wasemao kwamba wazee hawa hawaachi kazi kwa sababu waipenda. Haya ni kweli nusu. Siku moja tulimwuliza mmoja wao, "Mzee, utapumzika lini?" Akatujibu pasipo kuinua macho, "Mwanangu, likizo hupewa mtu na aliyemwajiri. Mimi nimwombe nani?" Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechuma juani maisha yake yote, na kivuli hajakiona ila kile cha mti anaofanyia kazi.

Sababu yake si uvivu wala ubadhirifu. Sababu ni kwamba jina lake halikuandikwa mahali popote. Ni kweli kwamba sasa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hupokea michango ya watu waliojiajiri wenyewe. Lakini pensheni ya uzeeni yataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Tupige hesabu, kama tulivyozoea. Fundi wa miaka 70 akianza leo, atatimiza akiwa na miaka 85. Fundi wa miaka 45 atatimiza akiwa na 60. Mwanafunzi wake wa miaka 25 atatimiza akiwa na 40. Basi kwa mzee mlango huo umekwisha kufungwa. Kwa wale wanaomshikia spana bado u wazi, nao wengi hawana habari nao.

Kwa mzee mwenyewe twatazama majirani. Zanzibar, mwaka 2016, ilianza kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi pasipo kuwauliza walichangia nini. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 mpango wa kuwapa fedha wazee wa umri huo. Nasi Wakurya twakaa pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Ni vigumu kumweleza mzee wa huku kwa nini ndugu yake wa ng'ambo amewekewa mpango huo naye hakuwekewa. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003. Twaomba kwa heshima izidi kutoka katika karatasi na kufika chini ya miti.

Wala mtu asidhani kwamba kuandikwa tu kwatosha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mafundi wa reli, wa bandari na wa ndege walikaa miaka mingi wakidai mafao yao. Mwaka 2005 ndipo Serikali ya Tanzania ilipoandikiana nao mapatano, na hata baada ya hapo madai hayakuisha. Lakini wale walikuwa na vitabu vyenye majina yao, hivyo walikuwa na neno la kudai. Fundi wetu hana hata hilo.

Sasa twageukia nyumba yetu wenyewe, na hapa twasema kwa haya. Wako miongoni mwetu waachao pikipiki kwa mzee, wakaichukua ikiwa nzima, wakasema, "Mwisho wa mwezi, Baba." Mwisho wa mwezi wapita, na mwingine nao. Mtu mwenye mshahara amkopa mtu asiye na mshahara! Mzee hadai, kwa kuwa aheshimu ofisi zetu. Kumtumia heshima yake namna hiyo ni kumdhulumu.

Kwa hiyo twaleta mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye deni kwa fundi alilipe kabla ya mkutano wetu ujao, na tangu sasa fundi alipwe siku ile ile ya kazi. Pili, wanachama wawili wakae Jumamosi moja kila mwezi karibu na gereji, wawasaidie vijana kujaza karatasi za Mfuko. Tatu, wawaelekeze kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti; na mzee aombwe kuwafundisha kwa utaratibu, naye apewe malipo ya ualimu. Vijana wengi huondoka mara wajuapo kubadili plagi na kamba ya breki. Pasipo hivyo, siku mzee atakapolala, sikio lile litazikwa pamoja naye.

Sisi si mafundi. Hatuwezi kufungua injini wala kuifunga. Kazi yetu ni kuandika, na kilichokosekana katika maisha ya wazee hawa ni mtu wa kuwaandika. Basi na tuandike.